Jasho likikutoka ukila, usiisingizie pilipili

Msomaji mpenzi, yawezekana umewahi kuketi sinia moja na mtu ambaye, mara tu atiapo tonge la kwanza kinywani, jasho humtiririka usoni kana kwamba amemwagiwa maji ya mtungi utosini. Kipaji chadondoka matone, nywele zalowa, shingo yameremeta, na leso aliyonayo mkononi haifui dafu. Nyinyi wengine mwala chakula kile kile, tena kwa utulivu, na hamna hata tone. Yaelekea mlitazamana. Yaelekea pia kwamba mmoja wenu alitamka neno la mzaha, na bwana yule akacheka pamoja nanyi, akanawa mikono kabla hajashiba, akaenda zake.

Leo nataka tuzungumze juu ya bwana huyo, kwani mimi ni mmoja wao.

Huku kwetu Pwani ya Kusini, kuanzia Likoni hadi Vanga, jasho si habari. Wakati wa kaskazi, hasa mwezi wa Februari na Machi, mtu huloa akiwa ameketi tu chini ya mwembe hafanyi lolote. Ndiyo sababu jasho la aina ninayoisema hupita bila kutambuliwa kwa miezi, hata miaka. Nani atahesabu matone ya mtu mmoja mahali ambapo kila mtu ni maji matupu? Mimi nililitambua wakati wa kusi, mwezi wa Julai mwaka 2016, nyumbani kwangu Ukunda. Upepo wa jioni ulikuwa ukivuma, watoto wamejifunika kanga za mama yao mabegani, nami natoka jasho juu ya sahani ya wali na mbaazi ambazo hazikutiwa pilipili hata chembe.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya kitalii ufuoni Diani, kazi niliyoifanya kwa miaka 22. Ugonjwa wa sukari nao nilikuwa nao tangu mwaka 2003. Nilikuwa nikimeza tembe zangu, na kliniki nikihudhuria, ingawa nakiri kwamba mpishi wa hoteli na kisukari ni kama paka na samaki kuwekwa chumba kimoja. Mpishi asiyeonja ni sawa na nahodha asiyetazama upepo, atafika wapi? Basi nikawa naonja, na kila nikionja, mwili wanisaliti. Mchuzi wa nazi ulinitoa matone mawili matatu. Ukwaju ulizidi kidogo. Achari ya ndimu ililowesha uso mzima. Lakini kilichonimaliza kabisa ni jibini, ile ambayo wengi wetu twaiita chizi. Kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho kilitosha kunitoa jasho kuanzia utosini hadi kifuani, koti jeupe la upishi likagandamana na mwili.

Fikiria, msomaji, mpishi aliyesimama mbele ya wageni, akiwakaangia mayai kwa jibini huku matone yakimdondoka kidevuni. Hakuna mgeni atakayesogeza sahani yake. Mkubwa wetu wa jikoni aliniondoa kwenye meza ile, akanipeleka nyuma kumenya viazi. Mwaka uliofuata mkataba wangu haukufanywa upya. Hakuna aliyetaja jasho. Niliambiwa kwamba biashara imepungua, na wala sikuwa na la kujibu, kwa kuwa sikuwa na jina la kuliita jambo lililonipata.

Majina waliyoyatoa wengine yalikuwa mengi. Mke wangu alisema ni pilipili, akaifukuza nyumbani, na jasho likabaki. Mjomba wangu wa Kinango, mtu mzima ninayemheshimu, aliniita faraghani akaniambia, "Mwanangu, wewe huli peke yako. Kuna anayekula nawe." Alikuwa na maana ya jini, na alikuwa tayari kugharamia mganga. Sikumbishia mjomba, nilimshukuru, nikamwambia nitafikiri.

Shemeji yangu naye alisema sukari imeshuka. Huyu ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote, na ndiye aliyekuwa hatari kuliko wote. Kila aliponiona nikitoka jasho mezani, aliinuka mbio kwenda dukani kuniletea soda, na kwa moyo safi kabisa akasimama juu yangu mpaka niimalize. Siku moja binti yangu, ambaye alikuwa akisomea uuguzi, alimzuia mlangoni. "Ami, ngoja kwanza nimpime." Mashine ikasoma 11.8. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo. Ilikuwa imepanda, na soda ingeipandisha zaidi. Tangu siku hiyo soda haikuletwa tena. Lakini swali likabaki pale pale: kama si pilipili, si jini na si sukari iliyoshuka, ni nini?

Jibu nililipata mwaka 2018, kwa tabibu mmoja kijana katika kliniki ya kisukari. Nilimweleza habari ya jasho kwa haya, nikitazama sakafu. Nilitarajia aniulize nilikula nini. Badala yake aliniuliza, "Mzee, nyayo zako zasikiaje?"

"Zasikia nini, mwanangu?"

Hakujibu. Aliniambia nivue viatu, nilale kitandani, nifumbe macho. Kisha akachukua uzi mgumu wa nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia, akawa anaugusisha kwenye nyayo na vidole vyangu hapa na pale, nami niseme "ndiyo" kila ninaposikia. Alinigusa mara kumi kila mguu. Kwa mguu wa kulia nilisema "ndiyo" mara nne. Akanipima presha nikiwa nimelala, akanisimamisha, akanipima tena, na presha ilikuwa imeshuka sana kwa kule kusimama tu. Hapo ndipo nilipoelewa kizunguzungu kilichokuwa kikinishika niamkapo alfajiri. Mwisho akanipa kikopo cha mkojo. Tabibu yule, msomaji, alikuwa amesikia neno moja tu, jasho, naye akaenda kutafuta miguuni, kwenye presha na kwenye mkojo. Nisikilize vizuri hapa, kwani hiki ndicho kiini cha maneno yangu ya leo.

Mwilini mna neva za kila aina. Zipo zile unazoziamrisha mwenyewe: inua mkono, piga hatua. Zipo nyingine zinazojiendesha usiku na mchana bila kungoja amri yako, nazo ndizo zinazotawala mapigo ya moyo, presha, tumbo, kibofu, mate na jasho. Sukari inapokuwa nyingi katika damu kwa miaka mingi, huziharibu neva hizi zote, polepole, kama chumvi ya bahari inavyokula bati la nyumba. Kwa kawaida, ladha ya chakula ikigusa ulimi, amri hutolewa tezi za mate zifanye kazi. Kwa mtu ambaye neva zake zinazojiendesha zimeharibika, ladha ile ile huamsha pia tezi za jasho za uso, kichwa na shingo. Ni kama nyumba ambayo fundi wa stima ameunganisha nyaya kombo: wabonyeza swichi ya sebuleni, taa yawaka jikoni.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1923, daktari mmoja mwanamke wa Poland, Łucja Frey, aliandika habari za askari aliyekuwa amejeruhiwa kwa risasi karibu na sikio, mahali ilipo tezi kubwa ya mate. Kidonda kilipopona, kila alipokula shavu la upande ule lilitoka jasho. Neva za mate zilizokatika zilikuwa zimeota upya zikashika njia ya tezi za jasho. Hadi leo hali hiyo yaitwa kwa jina la Frey, ingawa mwenyewe, akiwa Myahudi, aliuawa na Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kwa wenye kisukari, aliyelieleza jasho hili waziwazi ni daktari Peter Watkins wa hospitali ya King's College mjini London, mwaka 1973. Alisema kwamba ni dalili ya neva zinazojiendesha kuharibiwa na kisukari. Na unajua chakula alichokitaja kwa namna ya pekee? Jibini. Binti yangu aliponisomea habari hizo nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote ile jikoni Diani, na jibu lilikuwa limeandikwa tangu nikiwa mtoto!

Labda utaniuliza, mbona hata mtu mzima wa afya hutoka jasho akila pilipili? Swali zuri. Pilipili humdanganya kila binadamu. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, na wenzake walipata mahali pa neva panaponaswa na ukali wa pilipili, wakaona kwamba ni pale pale panaposikia joto la moto. Kwa hiyo mwili hudhani unaungua, nao hujimwagia maji. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Jasho la pilipili, basi, ni la watu wote na wala lisikutie hofu. La kutilia maanani ni lile linalokuja kwa wali, kwa mkate, kwa ndimu, kwa jibini, kila mara, wakati wenzako wako wakavu.

Sasa turudi kwenye kile kikopo cha mkojo. Mkojo wangu ulikutwa na protini. Kwa lugha nyepesi, figo zilikuwa zimeanza kuvuja, zikipitisha kile ambacho zingepaswa kukizuia. Sikuwa na maumivu yoyote. Miguu haikuwa imevimba. Mkojo ulikuwa na rangi yake ya siku zote. Figo zina tabia hii mbaya, kwamba hunyamaza mpaka zimechoka kabisa. Madaktari wa Manchester, Uingereza, walichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya jasho hili hili, na waliona kwamba takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa kisukari ambao figo zao zimeathirika walikuwa nalo, na zaidi ya theluthi moja ya wale wenye neva zilizoathirika. Kwa wenye kisukari wasio na matatizo hayo, lilikuwa nadra. Tena baadhi ya waliopandikizwa figo mpya waliona jasho likiwapungua au likiwatoka kabisa.

Haina maana kwamba kila anayetoka jasho mezani figo zake zimekufa. Hasha. Maana yake ni kwamba mwenye kisukari akiona jasho hilo, asitosheke na kubadili leso. Aombe kupimwa mkojo, damu ya figo, nyayo na macho. Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nilianzishiwa dawa ya presha ya aina ambayo huzikinga figo pia, na sukari yangu ikashughulikiwa upya. Protini ilipungua. Nawajua watu wa rika langu, wenye kisukari cha miaka kama yangu, ambao sasa huvuka kivuko cha Likoni mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu. Tofauti yangu na yao haikuwa akili wala pesa. Mimi nilitokwa na jasho, na likamfikia mtu aliyejua kulisoma.

Na hapa kwetu wa kulisoma ni wachache, kwa kuwa wengi hata kisukari chenyewe hawajui kama wanacho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa katika kila kumi nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Tisa kwa kumi! Seuze sisi watu wa mahamri ya asubuhi, chai ya maziwa ya vijiko vitatu, na miwa ya Ramisi tuliyoitafuna tangu meno ya utotoni.

Lakini kuna jambo lililonitisha kuliko figo, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2019 nilikwenda arusini Msambweni pamoja na rafiki yangu wa tangu ujana, mvuvi wa Gazi, ambaye naye ana kisukari, ila yeye hutumia insulini. Sinia za biriani zilipokuwa zinakaribia, aliingia chumba cha ndani akajidunga, kama alivyoagizwa, akarudi akaketi. Tukala. Alipogusa achari tu, jasho likamvaa. Vijana wawili wa upande wa pili wa sinia wakanong'onezana, mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee anakula kama anayepiga makasia. Watu wakacheka. Rafiki yangu akatabasamu, akasema "Alhamdulillahi, nimeshiba," akainuka. Alikuwa amekula matonge matatu.

Baada ya sala ya alasiri nilimkuta barazani, ameegemea ukuta. Mikono inatetemeka, maneno hayapangiki, ananiita kwa jina la ndugu yake aliyefariki. Na alikuwa anatoka jasho tena. Lakini hili lilikuwa jasho jingine: baridi, la mwili mzima, na mdomoni hamkuwa na chakula. Nilikuwa na mashine yangu ya kupimia mfukoni. Ilisoma 2.4. Insulini aliyojidunga ilikuwa imengoja biriani isiyokuja, ikala sukari ya damu yake. Kwa bahati alikuwa bado aweza kumeza. Tukamkorogea maji ya sukari, akanywa, tukangoja robo saa, tukapima, akanywa tena, ndipo akaletewa wali akala mpaka akashiba kweli. Kabla ya magharibi alikuwa anauliza nani kamlowesha kanzu.

Aina mbili za jasho siku moja, msomaji, kwa mtu mmoja. Lile la kwanza halikuwa na madhara yoyote. Aibu iliyoletwa nalo ndiyo iliyotaka kumwua.

Kwa hiyo mwenye kisukari na watu wa nyumbani mwake ni lazima wajue kuyatenganisha. Jasho la chakula huja mtu akianza kutafuna, mara nyingi kabla hajafikisha tonge la tano. Huwa la uso, kichwa na shingo, pengine mabega na kifua. Na hukauka baada ya kula. Jasho la sukari kushuka huja mtu akiwa amechelewa kula, au amekula kidogo baada ya dawa, au amefanya kazi nzito. Huandamana na kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Ukiwa na mashine, pima. Ikiwa chini ya 4, mpe sukari. Ukiwa huna mashine na mtu anatetemeka au anasema ovyo, mpe sukari upesi, usingoje. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani, mkimbize hospitali. Na likiwapo jasho la tatu, lile linalokuja na kifua kubana au pumzi kukatika, hilo ni la moyo, nalo halina mjadala: ni gari na hospitali, saa hiyo hiyo. Mwenye kisukari ambaye neva zake zimeharibika aweza kupata shambulio la moyo bila hata kusikia maumivu makali, basi ni heri kukimbia bure kuliko kuchelewa.

Jasho la shavu moja tu, hasa kwa mtu aliyewahi kupasuliwa au kuumia karibu na sikio, ni lile la daktari Frey. Hilo pia lionyeshe kwa daktari, ingawa halihusiani na sukari.

Je, laweza kutibiwa? Laweza kupunguzwa. La kwanza ni kujua kinachokuchokoza wewe. Mimi niliweka daftari kwa mwezi mzima, nikaandika kila nilichokula na jasho lilivyokuja. Nikajua kwamba samaki wa kuchoma hana neno, mchunga na mnavu havina neno, ukwaju una neno dogo, na ndimu ina maneno mengi. Rafiki yangu wa Gazi, kinyume chake, ndimu yamwacha, lakini chai ya tangawizi yamlowesha. Kila mtu na ulimi wake. Ipo krimu ya dawa iitwayo glaikopiroleti, ya kupaka usoni. Wale wale madaktari wa Manchester waliijaribu, wakaeleza mwaka 1997 kwamba ilipunguza jasho hili vizuri. Niliiulizia katika maduka matatu ya dawa pale Ukunda, wauzaji wakanitazama kama niliyeuliza dawa ya mapenzi. Zipo pia tembe, kama oksibutinini, ambayo kazi yake ya kawaida ni kutuliza kibofu. Hizi hukausha jasho, na hukausha pia kinywa. Kwa wazee wa kiume zaweza kuzuia mkojo, na kwa joto letu la kaskazi, mwili usiotoka jasho waweza kupata joto la kupindukia. Usizinunue kwa kuambiwa na jirani, hata jirani huyo akiwa ni mimi. Katika nchi za wenzetu wapo wanaodungwa sindano za botulinamu usoni, lakini gharama yake naiachia hoteli za Diani.

Wakati wa Ramadhani swali hili huja kwa namna nyingine. Mtu hufungua kwa tende na maji ya ndimu, jasho likamwagika, na wa nyumbani wasijue kama ni njaa, ni sukari au ni chakula. Anayetumia insulini au tembe za kushusha sukari amwone daktari mapema kabla mwezi haujaandama, apangiwe dawa zake au aelezwe kama hapaswi kufunga kabisa. Dini yetu haikumbana mgonjwa. Na kujipima sukari mchana hakufunguzi saumu, kama walivyotueleza wanavyuoni. Basi mashine isiwekwe kabatini mwezi mzima.

Neno kwa miguu pia. Tabibu yule aliponiambia nyayo zangu hazisikii, nilikumbuka ni mara ngapi nimewaona wazee wenzangu wakitembea peku juu ya matumbawe ya Gazi bahari ikitoka, au juu ya mchanga wa Diani saa sita ya mchana. Ikiwa uso wako watoka jasho mezani, chukulia kwamba nyayo zako hazina mlinzi. Vaa makubadhi, na kila usiku zitazame, au umwambie mjukuu mwenye macho azitazame.

Nanyi mnaopika na kukaribisha, mgeni mwenye jasho hahitaji kuulizwa mbele ya watu. Mwekeeni taulo ndogo kando ya sahani kama mnavyoweka maji ya kunawa, bila maelezo. Msimwondolee chakula, wala msimharakishe. Akisema ameshiba baada ya matonge matatu, na mwajua kwamba amejidunga insulini, mwitieni chumba cha ndani sahani ya pili, ale huko peke yake kama apendavyo. Nyumbani kwetu mke wangu aliamua mwenyewe kwamba feni itageuzwa upande wangu wakati wa chakula, na shemeji yule wa soda sasa ndiye anayenikumbusha tarehe ya kupima mkojo.

Mimi sikurudi hotelini. Nina kibanda kidogo Ukunda, napika viazi karai, samaki wa kupaka, na wali wa nazi kwa wanaoagiza. Achari yangu ya ndimu ina wateja wanaotoka mpaka Tiwi, lakini siionji tena mbele yao. Anayeionja ni mwanangu wa pili. Hutia chumvi nyingi kuliko nipendavyo, nami humwambia kila siku, naye hunijibu kwamba wateja hawajalalamika.